Waliozama na Ngao ya Dola

Siku kisiki kilipoanza kutoa maji ya bahari, Sissela alikuwa akipaa samaki juu yake. Walikuwa samaki bapa, wa kukausha kwa ajili ya majira ya baridi, na hapakuwa na mahali pengine uani palipofaa zaidi kwa kazi hiyo. Kilikuwa kisiki cha mwaloni, kipana kama meza ya karamu, kigumu hata kisu hakikuacha alama. Maji yalipanda kutoka katikati, penye moyo wa mti, yakaenea polepole mpaka yakafanya dimbwi la ukubwa wa karai. Sissela alichovya kidole, akaonja. Kisha akawasuuza samaki wake humo humo, maana chumvi ilikuwa adimu mwaka ule.

Mama mkwe wake, Ragnhild, alikuwa ameketi kizingitini akisokota sufu.

"Hayo maji yanatoka wapi?" aliuliza.

"Baharini, mama."

"Basi usiyamwage karibu na kabichi zangu."

Mwaloni ulikuwa umesimama uani pale tangu enzi ambazo hakuna aliyezijua, lakini haukuwa mali yao. Kisiwani Öland kila mwaloni ulikuwa wa mfalme, uote msituni au uote mlangoni pa mtu. Kulungu nao walikuwa wa mfalme, na kila mbwa wa mkulima alikatwa mguu mmoja wa mbele asije akawakimbiza. Mbwa wa Sissela alikuwa na miguu mitatu na hakujua kwamba kuna namna nyingine ya kuwa mbwa. Mume wa Sissela aliitwa Tore, na babu yake Tore aliwahi kuchapwa viboko kwa kukata tawi moja lililokuwa likitoboa paa lake.

Kisha mfalme akataka meli kubwa kuliko zote za adui zake, watu wa Denmark. Liwali wake akaja na mafundi na misumeno na maksai, wakauangusha mwaloni, wakauburuta juu ya theluji hadi mlangobahari, na ukaenda kuwa sehemu ya mkuku, uti wa chini wa meli. Meli ilipokamilika iliitwa Ngao ya Dola. Ilikuwa ndefu kuliko kanisa lao, na tezi lake, sehemu ya nyuma, lilichongwa simba na malaika, likapakwa rangi nyekundu na dhahabu. Ilipokosa mabaharia wa kutosha, liwali alikuja tena, safari hii kumchukua Tore.

Ilizama mwezi wa Juni, mbele ya pwani yao wenyewe, saa ambayo wanawake walikuwa malishoni wakikamua. Sissela aliiona. Ilikuwa ikigeuka kwa haraka na matanga yote juu, ikalala ubavu kama ng'ombe anavyolala, na haikuinuka tena. Baadaye baruti ikalipuka. Waliookolewa walitosha katika mashua chache, na mmoja wao alikuwa amirali. Wengine walibaki chini. Mchungaji Olaus aliwaombea wote kwa jumla, kengele ikapigwa, na juma lililofuata kisiki kikaanza kutoa maji.

Mwanzoni yalileta vitu vidogo: kijiko cha mbao, kifungo, kiko cha udongo, kiatu cha mguu wa kushoto. Sissela alivisuuza kwa maji ya kisima akavipanga dirishani. Kisha jioni moja, alipokuwa akitoka zizini na ndoo ya maziwa, alisikia mtu akikohoa. Afisa mmoja kijana alikuwa ameketi juu ya kisiki, miguu bado imo dimbwini, wigi limemwangukia jicho moja.

"Hapa ni wapi?" aliuliza.

"Kwangu," Sissela alijibu. "Futa miguu kabla hujaingia."

Maafisa ndio waliotangulia, kama ilivyo desturi. Yule wa kwanza alidai farasi. Alipoambiwa kwamba hakuna farasi, alidai divai. Alikunywa bakuli zima la maziwa mgando akaondoka kwa miguu kuelekea kivuko cha Kalmar, mji wa ng'ambo, akiacha mstari wa maji nyuma yake kama konokono. Wenzake walimfuata, wakati mwingine wawili kwa siku, wakisukumana kutoka humo hata mmoja akampotezea mwenzake mkufu.

Walipokwisha maafisa wakaja watu. Hao walipiga hodi. Mkono ulitokea dimbwini ukagonga ubavu wa kisiki, ukasubiri, na Sissela alipousikia aliacha alichokuwa akifanya, akaenda kuuvuta. Mikono yao ilikuwa baridi kama samaki wa asubuhi. Nguo zao hazikukauka hata wakikaa mbele ya moto, zilitoa mvuke tu na kuendelea kudondoka maji. Lakini njaa walikuwa nayo. Walikula uji wa shayiri mpaka wakakwangua sufuria, na hakuna hata mmoja aliyeomba chumvi.

Kila mmoja Sissela alimuuliza swali lile lile. Aliyemjibu kwa ukamilifu alikuwa mpiga mizinga kutoka Småland, ng'ambo ya mlangobahari, aitwaye Jöns, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye alikuja na kofia yake mkononi kama mgeni mwenye adabu.

"Unamjua Tore?" Sissela alisema. "Mtu wa hapa. Mrefu, ana pengo hapa kwenye meno."

"Tore wa pampu? Namjua sana. Yuko chini kabisa, dada, kule kwenye ngama, yanakokusanyika maji machafu. Tunatoka kwa zamu, walio juu kwanza."

"Kumebaki wengi?"

"Eh! Wengi. Na huko chini mambo yanakwenda taratibu, si kama kwa wakubwa. Wewe unamwambia mwenzako, tangulia, una watoto wadogo. Yeye anakwambia, la, tangulia wewe, mama yako mzee. Mnaweza kupishana hivyo kutwa nzima."

"Basi nitasubiri," Sissela alisema, akamwongezea uji.

Ragnhild aliangalia gunia la shayiri. "Tutasubiri tukiwa tunakula nini?" aliuliza.

Alijibiwa na watu wenyewe. Habari zilikuwa zimetangulia kwa miguu ya waliorudi makwao, na sasa wanawake walianza kuja. Mama mmoja wa Småland alivuka mlangobahari na mbuzi jike akiwa amemkumbatia kama mtoto mchanga.

"Mwanangu alikula hapa," alimwambia Sissela. "Alinisimulia uji wako ulivyokuwa mzito. Sina cha kukulipa. Huyu anatoa maziwa, ila anauma."

"Anauma nani?" Ragnhild aliuliza.

"Wazee."

"Karibu ndani," alisema Ragnhild. "Tutaelewana."

Mwingine alileta jibini, mwingine soksi za sufu, ingawa soksi hazikuwa na faida kwa watu wa namna ile. Mzee mmoja alikuja kutoka parokia ya mbali kabisa kaskazini, akaweka gunia la shayiri mlangoni, akainua mkono kidogo, akarudi alikotoka. Botil, mwanamke jirani yao, ambaye kaka yake alikuwa ametoka kisikini wakati wa kuvuna nyasi, sasa alikuja kila asubuhi kuchota maji na kupasua kuni, akiimba vibaya. Sissela hakuwahi kuwa na watu wengi hivyo wanaomtakia heri. Alipolala aliwataja mmoja mmoja katika sala zake, na mara nyingi usingizi ulimchukua kabla hajawamaliza.

Wale waliokuwa na safari ndefu walilala ghalani siku moja mbili, wakisaidia kazi. Walifaa sana kwa kazi ya nyasi kwa sababu hawakusikia joto. Mfini mmoja, ambaye hakujua neno hata moja la lugha yao, alitengeneza upya bawa la kinu cha upepo, akainama mbele ya Ragnhild, akaenda zake upande wa kaskazini. Hakuna aliyejua kama angesubiri bahari igande avuke kwenda kwao juu ya barafu, au angepita chini ya maji.

Ilikuwa mezani ndipo waliposimulia jinsi meli ilivyozama. Hawakuulizwa. Mtu akishashiba husimulia. Na wote, aliyetoka sitaha ya juu na aliyetoka sitaha ya chini, walisema jambo moja.

"Serahangi, msimamizi wa mabaharia, alipiga kelele," Jöns alieleza. "Alisema, punguzeni matanga, fungeni madirisha ya mizinga, ndipo tugeuke. Mtu mwenye miaka yake baharini. Amirali akasema, watu wa Denmark wakiona madirisha yamefungwa watadhani tunaogopa. Geuzeni hivyo hivyo. Tukageuza hivyo hivyo."

"Huyo amirali alikuwa baharia wa wapi?" Mchungaji Olaus aliuliza. Siku hizo alizoea kupita jioni.

"Hakuwa baharia, Mchungaji. Alikuwa wa ukoo mkubwa."

Tume ya kuchunguza kuzama kwa meli ilikuwa ikikaa Kalmar. Mchungaji alifikiri juu ya jambo hilo siku kadhaa, kisha akavaa joho lake zuri, akamchukua Jöns na wapiga mizinga wengine wachache, wakavuka. Walirudi kesho yake. Mchungaji alikaa kwenye benchi la Ragnhild akavua viatu.

"Waliwakaribisha?" Sissela alimuuliza Jöns.

"Walituambia tusisimame kwenye zulia."

"Walisikiliza?"

"Hawakuweza," Mchungaji alisema. "Wamenieleza sheria. Shahidi lazima aape. Aliyezama ni marehemu, na marehemu haapi. Binamu yake amirali ndiye aliyesoma kifungu chenyewe. Alisoma vizuri sana."

"Kwa hiyo kosa limekuwa la nani?"

"La upepo."

Ragnhild alicheka hata sufu ikamtoka mkononi. Jöns naye alicheka, akatema maji kidogo. Kisha akaaga, maana alikuwa na mke Småland na alikuwa amekwisha kukawia kwa ajili ya tume. Mlangoni alimshika Sissela mkono kwa mikono yake miwili ya baridi.

"Nilidhani nimekwisha," alisema. "Kisha nikasikia harufu ya uji. Mungu akulipe, dada, mimi sina namna."

Liwali alikuja mwezi wa Agosti. Alikuwa amezunguka kisiki mara kadhaa kabla hajashuka kwenye farasi, akakanyaga tope la chumvi kwa buti zake mpya, akasikitika. Hakuja kwa sababu ya watu. Ngao ya Dola ilikuwa imezama na mizinga ya shaba ambayo mfalme aliililia waziwazi mbele ya baraza.

"Sissela, hiki kisiki ni cha mfalme."

"Sijakataa, Bwana Liwali."

"Na maji yake ni ya mfalme."

"Na maji yake."

"Na chochote kitokacho humo ni cha mfalme."

"Basi mfalme na awalishe uji," Ragnhild alisema kutoka kizingitini.

Liwali alijifanya hakusikia. Ragnhild alikuwa mzee, na mbuzi aliyesimama kando yake alikuwa na macho mabaya. Alieleza kwamba Jumatatu angeleta watu wa misumeno na patasi, wakipanue kisiki hadi kitoshe mzinga kupita. Kama kitapasuka, kitapasuka. Mti ulikwisha kukatwa, hauna kazi nyingine.

Tore alikuwa bado chini. Sissela alienda ndani akaleta bia, akampa liwali kikombe, akangoja anywe, ndipo akasema kwa sauti ya mtu anayeeleza habari za ng'ombe.

"Bwana Liwali, mizinga ni mizito kuliko watu. Iko chini yao. Ukipanua sasa, watu wa chini hawajatoka, utapata nini? Maji. Na kisiki kikipasuka hutapata hata maji. Utakwenda kumwambia nini mfalme?"

Liwali alifuta povu mdomoni.

"Watu hao watakwisha lini?"

"Wanapishana. Ni watu wa adabu."

Liwali alikubali kusubiri. Lakini ili isiwepo shaka yoyote, alipasha chuma moto akachoma alama ya taji ubavuni mwa kisiki. Harufu ya mwaloni ulioungua ilikaa uani mpaka jioni, na mtu aliyetoka siku hiyo, seremala wa meli, aliuliza kama wameungua tena.

Kuanzia hapo Sissela aliishi kwa wasiwasi. Alimkaribisha kila aliyetoka kwa furaha ile ile, akamvuta, akamwonyesha mahali pa kufutia miguu, akamlisha, lakini baada ya kumlisha alienda kisimani akakaa kidogo peke yake. Shayiri ilivunwa. Bata bukini waliokuwa wakihama walipita juu ya kisiwa. Waliotoka sasa walikuwa watu wa tumbo la meli, wapishi na walinzi wa mapipa, weupe kama mizizi, na wote walimtaja Tore.

"Alinisukuma mgongoni," mmoja alisema. "Mimi nilitaka kubaki kulala."

"Anawaonyesha njia," mwingine alisema. "Ni yeye anayeijua."

"Na yeye mwenyewe?"

"Anasema anakuja."

Alikuja asubuhi moja ya Oktoba yenye ukungu. Sissela alikuwa akiwapa bata mabaki ya mboga alipoona kwamba hakuna mkono uliogonga. Mtu mzima alikuwa tayari amesimama juu ya kisiki, anajipangusa uso kwa kiganja, mrefu, maji yanamtoka masikioni. Mbwa alimfikia kwanza kwa miguu yake mitatu. Sissela aliweka ndoo chini polepole, kama kwamba ilikuwa na mayai.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa nawapandisha wengine. Hawakujua njia."

"Wewe uliijuaje?"

"Kule chini kulikuwa giza, nikaegemeza kichwa kwenye mkuku. Nikamsikia mama anagomba juu ya kabichi." Alicheka, na pengo lake lilikuwa pale pale. "Nikajua ni mti wetu. Nikafuata sauti."

Sissela alimshika mashavu. Yalikuwa baridi, nayo yalikuwa mashavu yake. Alisema asante, hakusema kwa nani, akarudia neno hilo mpaka likapoteza maana na kubaki kuwa pumzi tu. Ragnhild alitoka na mwiko mkononi, akamtazama mwanawe toka juu hadi chini.

"Vulia mlangoni," alisema. "Utaninyeshea nyumba nzima." Kisha akakaa chini pale pale kwenye jiwe, akalia kwa sauti, na mbuzi hakumuuma.

Tore alikuwa wa mwisho. Kesho yake dimbwi lilikuwa limeshuka, na juma hilo kisiki kikakauka, kikaacha ukoko mweupe ambao Ragnhild aliukwangua akautia kwenye mtungi. Liwali alipokuja kutafuta mizinga alikuta kisiki kikavu na mwenye nyumba akipasua kuni.

"Mizinga iko wapi?"

"Haikupanda, Bwana Liwali," Sissela alisema. "Labda imeridhika."

Liwali alimtazama Tore. Hakuwa mjinga, na alielewa kwamba alikuwa amesubirishwa kwa ajili ya mtu mmoja wa pampu. Aliondoka bila kunywa bia. Kabla barafu haijashika, wapiga mbizi waliletwa kutoka nchi za nje, wakapewa kengele kubwa ya madini ya risasi ambayo mtu husimama ndani yake akishushwa baharini, na mizinga ikainuliwa mmoja baada ya mwingine mbele ya pwani ile ile. Watu walitazama kutoka malishoni. Kengele ilikuwa imekuwepo muda wote, ghalani kwa mfalme. Hakuna mtu katika baraza aliyekuwa amefikiria kwamba ingeweza kuinua kitu kingine.

Majira ya baridi yalikuwa marefu, na Sissela hakutaka yapungue. Kitanda kililowa, akatandika ngozi za kondoo chini ya upande wa Tore na kuzibadilisha kila asubuhi, na ngozi zikigandia kambani zikisimama kama mbao alizigonga kwa fimbo akiimba. Tore hakupata joto, lakini alijifunza kushika jiwe la motoni kabla ya kumgusa mkewe. Alimbeba mama yake mgongoni hadi kanisani, na Ragnhild alivaa ngozi ya sili ili asilowe, akawasalimia watu njiani kama malkia. Mchungaji alikuwa ametafakari kama waliozama wapewe meza ya Bwana. Aliamua kwamba yeye hakuwazika, kwa hiyo hana la kujua. Sikukuu ya Krismasi walicheza ghalani kwa Botil, waliokauka na wasiokauka, mpaka sakafu ikawa utelezi na watu wakaanguka kwa makundi wakicheka.

"Huchoki kuwa na mtu anayedondoka?" Botil aliuliza, akijifunga kitambaa chake.

"Wako hadondoki," Sissela alisema, "lakini yuko wapi sasa hivi?"

"Amelewa, yuko zizini."

"Haya basi."

Ngoma ya liwali ilisikika barabarani theluji ilipoanza kuyeyuka. Meli mpya ilikuwa tayari, kubwa kuliko ile ya kwanza, imebeba mizinga ile ile na mingine zaidi, na kwa kuwa mizinga ilikuwa mingi madirisha yake yalikuwa karibu zaidi na maji. Iliitwa Ngao Mpya ya Dola. Amirali alikuwa yule yule. Liwali alisimama mbele ya kanisa akasoma amri: kila aliyekuwa mtumishi wa Ngao ya Dola arudi kazini, maana hakuna aliyeachiliwa.

"Lakini Kalmar walisema hawa ni marehemu," Mchungaji Olaus alisema. "Niliwasikia kwa masikio yangu."

"Kwa kiapo ni marehemu," liwali alijibu. "Kwa utumishi, mfalme hajawaachilia."

"Na kwa chakula?" Ragnhild aliuliza. "Kwa chakula walikuwa nani?"

Liwali alitafuta ndani ya amri. "Hilo halikuulizwa," alisema.

Sissela alimwambia Tore wakimbilie ndani ya kisiwa, kwenye uwanda wa mawe ambako hakuna anayepita. Tore alinyoosha kidole sakafuni. Kutoka mlangoni hadi mezani, kutoka mezani hadi kitandani, kila alikopita palikuwa na maji. Popote ambapo angejificha, hata mtoto angemfuata. Kisha Sissela akainuka, akaanza kuoka mkate wa njiani.

Alimsindikiza hadi kivukoni. Walikuwa wengi pale, wamekuja kutoka pande zote za kisiwa, na wake zao na mama zao, na ubao wa kupandia ulikuwa umelowa kabla mawimbi hayajaugusa. Sajini mmoja alipiga kelele wasidondokee mapipa ya baruti. Jöns alikuwa upande wa pili wa maji, walimwona akipunga kofia.

"Nisamehe," Tore alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa godoro."

Sissela alicheka, na alipocheka machozi yalitoka, hakuyazuia. "Sikiliza," alisema. "Mara ile ya kwanza walikuchukua nikiwa kinuni. Nilirudi na unga, nikakuta kiti chako kimesogezwa, basi. Sikukuaga. Leo nimekuja na wewe mpaka majini, nimekushika mkono njia nzima. Na baridi nzima nilikuwa nawe. Wapo wangapi waliopata baridi nzima? Sina deni na Mungu, Tore. Ila ukishuka tena huko, sukuma mtu mmoja tu, halafu uje."

"Wawili," Tore alisema.

"Wawili basi. Mbishi wewe."

Alimfunga kitufe cha juu cha koti, kikadondoka maji kwenye vidole vyake. Mashua ikaondoka.

Siku ya Bwana moja ya mwezi Agosti, barua ya mfalme ilisomwa katika makanisa yote. Ngao Mpya ya Dola ilikuwa imekwenda baharini na kurudi salama bila kukutana na adui, na kwa hekima hiyo amirali alipandishwa cheo na kupewa ardhi Småland. Kuhusu kuwaachilia mabaharia haikusema kitu. Watu walitakiwa kushukuru. Mchungaji Olaus alisoma sala yenyewe kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anayesoma bei za mbegu, na mwishoni kanisa likanung'unika amina ya chini, ya kutimiza wajibu.

Sissela alisema yake kwa sauti kamili. Ilisikika hadi kwenye boriti za dari. Baadhi ya watu waligeuka, na liwali, katika benchi lake la mbele, aliinamisha kichwa kwa kuridhika.

Botil alimpiga kiwiko. "Amina kubwa hivyo ya nini? Unamshukuria yule?"

"Yule nani?" Sissela alinong'ona. "Mimi nashukuru baridi iliyopita."

Botil alifikiri kidogo. Kisha naye akasema amina, kwa sauti, ingawa sala ilikuwa imekwisha, na mwanamke wa nyuma yao akasema, na wa nyuma yake, benchi kwa benchi hadi mlangoni, na Mchungaji Olaus alisubiri wamalize wote ndipo akafunga kitabu. Nje mawingu yalikuwa yakikusanyika, na shayiri ilikuwa bado shambani. Walikunja sketi zao wakaenda mbio.